Sheria za shule ya bweni: zinatoka wapi, nani anazisimamia, na mwanafunzi hukwama wapi

Fomu ya maelekezo ya kujiunga na sekondari ya bweni ina sehemu mbili ambazo mzazi huzisoma kwa macho tofauti. Orodha ya vifaa huisoma akiwa na kalamu mkononi, anaweka alama kila anaponunua: godoro, ndoo, shuka, jembe. Kurasa za sheria huzipita haraka kwa kuwa anaona anazijua tayari. Usiibe, usitoroke, usipigane, nani asiyejua? Mwishoni anakuta karatasi ya kukiri kwamba mzazi na mwanafunzi wamesoma masharti yote na kuyakubali, na wote wawili wanatia sahihi. Karatasi hiyo haitupwi. Inaingia kwenye faili la mwanafunzi, na siku likitokea shauri ndiyo ya kwanza kutolewa mezani.

Hapa tunazifafanua sheria hizo kama zinavyofanya kazi katika sekondari za bweni za Tanzania Bara, hasa za serikali, kwa anayeingia Kidato cha Kwanza mwezi Januari au Kidato cha Tano mwezi Julai. Shule za binafsi na za mashirika ya dini zina nyongeza zake, lakini msingi ni uleule.

Orodha moja, vyanzo vinne

Kinachowachanganya wengi ni kwamba fomu hupanga kila kitu katika orodha moja. Kutochomekea shati na kuvuta bangi vinaweza kuwa mistari miwili tu mbali, na mtoto wa miaka 14 akisoma anaona yote ni "makosa". Ukweli ni kwamba kila sharti lina mahali lilikotoka, na uzito wake unategemea huko.

Kuna sheria za nchi. Kumpa mimba mwanafunzi au kumuoa ni kosa la jinai, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30. Wizi, dawa za kulevya na kumjeruhi mtu pia ni mambo ya polisi. Katika haya mkuu wa shule hana mamlaka ya kusamehe, na familia mbili kukaa sebuleni na kumalizana hakufuti kosa.

Kuna kanuni na nyaraka za wizara: zinazosema viboko vichapwe vipi na nani, mwanafunzi anafukuzwa kwa utaratibu gani, shule zinafunguliwa lini, michango inakusanywaje. Shule haiwezi kuzigeuza. Mwalimu akizivunja, naye amekosa.

Kuna taratibu za shule yenyewe. Saa ya kuamka, rangi ya sketi, mpaka wa shule unaishia kwenye mti gani, wageni wanakuja Jumapili ipi. Hizi hutungwa na uongozi wa shule pamoja na bodi, na zinaweza kubadilika hata katikati ya mwaka. Ndiyo maana maelekezo ya kaka aliyesoma shule hiyohiyo miaka sita iliyopita yasimzuie mtu kusoma fomu ya mwaka huu.

Halafu kuna kundi la nne ambalo halijaandikwa popote: desturi za wanafunzi wenyewe. Mpya asitangulie kwenye foleni ya chakula. Mpya alale kitanda cha juu. Mpya amchotee maji wa Kidato cha Nne. Mwanafunzi mgeni hushindwa kutofautisha desturi hizi na sheria, kwa sababu zote anaambiwa kwa sauti ileile ya ukali katika wiki ya kwanza. Tuseme wazi: kiranja ana haki ya kukuandika jina, kukupangia eneo la kufagia na kukurudisha ukavae vizuri. Hana haki ya kukupiga, kukufulisha nguo zake, wala kuchukua sukari yako. Akifanya hivyo, anayevunja sheria ni yeye, na wa kuambiwa ni matroni, patroni au mwalimu wa malezi, siku hiyohiyo.

Siku nzima iko kwenye madaftari

Ukitaka kuielewa nidhamu ya bweni, usiangalie fimbo, angalia madaftari. Kila saa ya siku ina mtu anayehesabu na kitabu anachoandikia.

Kengele ya kuamka hulia kati ya saa 10:30 na saa 11 alfajiri. Saa 12 ni usafi wa maeneo: bweni, vyoo, madarasa, uwanja. Kiranja wa usafi ana orodha ya nani yuko eneo gani, na asiyeonekana anaandikwa. Kwenye saa 1 na dakika kadhaa wanafunzi wanakusanyika mstarini, wimbo wa Taifa unaimbwa, matangazo yanatolewa, sare inakaguliwa. Vipindi huanza kati ya saa 1:30 na saa 2, kila kimoja dakika 40. Uji au chai ni kwenye saa 4. Masomo huisha mchana kati ya saa 8 na saa 9, kisha chakula, kisha michezo, bustani au kufua. Chakula cha jioni ni kwenye saa 12, na prepo, yaani kujisomea kwa pamoja darasani, ni kuanzia saa 1 usiku hadi saa 3:30 au saa 4. Baada ya hapo majina yanaitwa bwenini na taa zinazimwa.

Katika mzunguko huo mwanafunzi anahesabiwa angalau mara tatu: darasani asubuhi, kwenye prepo, na bwenini usiku. Daftari la mahudhurio liko kwa mwalimu wa darasa. Shajara ya darasa, ambamo kila kipindi kinaandikwa mwalimu aliyeingia, mada aliyofundisha na wanafunzi wasiokuwepo, iko kwa kiranja wa darasa. Daftari la ruhusa liko kwa mwalimu wa zamu. Kitabu cha wanaoingia na kutoka kiko kwa mlinzi getini. Kitabu cha makosa na kile cha adhabu viko ofisini.

Kujua hili kunasaidia kwa sababu makosa mengi ya bweni si matukio ya pekee, ni mnyororo. Mwanafunzi anaumwa tumbo, analala bwenini wakati wa vipindi bila kumwambia mtu. Kiranja wa darasa anamwandika hayupo. Jioni anaulizwa, anaona haya, anasema alikuwa maktaba. Mwalimu wa zamu analinganisha na daftari la maktaba na jina halimo. Sasa kosa limekuwa mawili, utoro na uongo, ilhali mwanzo wake ulikuwa tumbo. Dakika tano za kupita kwa matroni na kuandikwa mgonjwa zingemaliza kila kitu. Utaratibu wa kawaida ni huu: mjulishe kiranja wa bweni kabla ya usafi, nenda kwa matroni au chumba cha huduma ya kwanza, pata karatasi au uandikwe kwenye daftari la wagonjwa, kisha mwenzako ampe taarifa kiranja wa darasa. Kumwambia rafiki tu hakutoshi, hata akiwa mwaminifu namna gani, kwa sababu rafiki hana daftari.

Utoro wa mfululizo nao una kikomo chake. Mwanafunzi asiyeonekana shuleni siku 90 bila taarifa huhesabiwa ameacha masomo na kufutwa kwenye orodha. Watoto wanaofikia hapo mara nyingi walianza kwa kuchelewa kurudi likizo kwa wiki moja tu, kisha wakaogopa kurudi kwa kuwa wamechelewa.

Sare: tatizo huanzia kwa fundi

Sare inaleta ugomvi mwingi kuliko uzito wake, na kiini chake si ukaidi wa mwanafunzi. Fomu inasema "sketi ya kijivu" na sokoni kuna vijivu vitano. Mzazi ananunua kitambaa mkoani kwake, fundi anakata kwa mtindo wanaoupenda mtaani, mtoto anafika shule akiwa tofauti na wenzake 80. Siku ya kuripoti sketi inakataliwa na hela imekwisha.

Njia iliyo salama ni kushona sare moja tu nyumbani kwa ajili ya kuripoti, na ya pili kuishona mjini karibu na shule, ambako mafundi wanaijua rangi na mshono. Mpe fundi karatasi ya fomu yenyewe, usimsimulie kwa mdomo. Sketi nyingi hutakiwa ziwe na marinda na zishuke chini ya goti. Mwambie fundi aache pindo la inchi 3 kwa ndani, maana binti wa Kidato cha Kwanza atarefuka kabla ya Kidato cha Pili, na kushusha pindo ni rahisi kuliko kununua sketi nyingine. Suruali isibane mguuni: shule nyingine hutaja hata upana wa chini kwa inchi. Viatu ni vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, soli fupi. Anayevaa hijabu ahakikishe rangi na urefu vimefuata fomu.

Mashati mawili ni kidogo mno. Ukiwa na matatu, moja liko mwilini, moja kambani, moja limekunjwa, na mvua ikinyesha siku mbili bado unavaa safi. Wino wa kalamu ya alama unafutika baada ya kufuliwa mara chache, hivyo darizi namba yako kwa uzi ndani ya kola na kwenye mkanda wa sketi au suruali. Nguo isiyo na alama ikianguka kambani haina mwenyewe.

Nywele ni fupi kwa wote katika shule nyingi za serikali. Kucha, hereni, mikufu na nywele za kubandika hazijadiliwi.

Vifaa: vipimo vina sababu

Godoro la futi 2.5 kwa 6 limeandikwa hivyo kwa sababu vitanda vya ghorofa vimetengenezwa kwa upana huo. La futi 3 litaning'inia ukingoni na kukunjika, na wa juu ataanguka nalo. Chandarua kiwe cha pembe nne, kwani cha duara hakina pa kuning'inia kwenye kitanda cha chini. Ndoo mbili zenye mifuniko, lita 10 kila moja, zinabebeka zikiwa zimejaa, tofauti na ya lita 20 ambayo mtoto mdogo ataimwaga nusu njiani. Tranka liwe la bati lenye kufuli imara yenye funguo mbili: mmoja shingoni kwa kamba, wa pili kwa matroni. Wanaopoteza ufunguo pekee huvunja kufuli, na tranka lililovunjwa kufuli ndilo huibiwa.

Jembe, fyekeo, fagio na rimu ya karatasi ni vya shule, vinakabidhiwa na kuandikwa siku ya kuripoti. Subiri jina lako liandikwe kabla hujaondoka mezani.

Kuhusu fedha: ada katika sekondari za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika Kidato cha Tano na cha Sita. Kabla ya hapo bweni lilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka na kutwa 20,000. Sare, godoro, nauli, matibabu na vifaa binafsi vimebaki kwa mzazi. Malipo yoyote halali ya shule ya serikali hupewa namba ya malipo na kulipwa benki au kwa simu kupitia namba hiyo, si kutumwa kwenye simu ya mtu. Pesa ya matumizi ya mtoto iwekwe kwa matroni au mwalimu aliyeteuliwa, na kila akichukua iandikwe.

Vinavyokatazwa, na kwa nini

Simu ndiyo inayofukuzisha wengi. Katika shule nyingi kukutwa na simu, hata imezimwa, hata ya kuazima, ni kosa la kusimamishwa au kufukuzwa, na aliyekutwa nayo ndiye mwenye kosa bila kujali ya nani. Mzazi anayemwekea mtoto simu ndogo kwenye tranka "kwa dharura tu" ndiye anayemtia hatarini. Kwa dharura kuna namba ya matroni na ya mwalimu wa malezi kwenye fomu. Zinakili kwenye daftari la mtoto na kwenye simu yako kabla hajaondoka, na uulize shule ni saa ngapi zinapokelewa.

Hita za kuchemshia maji, pasi na mishumaa watu huziona ni katazo dogo. Sivyo. Bweni ni chumba kimoja chenye magodoro ya sponji yaliyopangwa juu na chini, vyandarua vinavyoning'inia, nguo kambani na mara nyingi mlango mmoja au miwili. Hita iliyosahaulika kwenye ndoo inakausha maji, inayeyusha plastiki na kushika shuka. Agosti 2009, katika Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa bweni lilipoungua usiku, na chanzo kilielezwa kuwa mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Kenya, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, katika bweni lililochomwa moto kwa makusudi. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kusoma baada ya taa kuzimwa aombe ruhusa ya kubaki darasani, au atumie tochi ya betri ikiwa shule inaruhusu. Na kama mlango wa bweni unafungwa kwa kufuli kutoka nje usiku, au madirisha yote yana nondo, mzazi aliulize hilo kwenye mkutano bila kusita. Sheria ya usalama inawahusu walimu pia.

Chakula cha nyumbani hukatazwa kwa sababu ya panya, wizi na magonjwa ya tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo au kisukari asifiche: fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe na daktari kwa ukweli, na barua ya lishe iambatanishwe. Vilevile kwa dawa. Nyingi hutunzwa na matroni, lakini mwenye pumu anahitaji kipulizio chake mfukoni, na hilo liandikwe na daktari, liridhiwe na shule kwa maandishi. Mwenye selimundu ahakikishe walimu wa michezo wanajua. Wazazi wengine huficha ugonjwa wakihofia nafasi itapotea. Matokeo yake mtoto anakimbizwa uwanjani na mwalimu asiyejua lolote.

Ruhusa

Kutoka nje ya mpaka bila ruhusa ni kosa kubwa katika kila shule ya bweni, na kuruka ukuta ni kubwa zaidi. Ruhusa yenyewe si ngumu. Unaanza kwa mwalimu wa darasa na sababu yako. Anakuandikia au anakupeleka kwa mwalimu wa zamu au wa malezi, na kwa safari ya kulala nje lazima mkuu wa shule au makamu wake aridhie. Unaandikwa kwenye daftari la ruhusa: jina, kidato, unakokwenda, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Unavaa sare kamili, unapita getini, mlinzi anaandika. Ukirudi unaandikwa tena kote kuwili.

Hapo mwisho ndipo wengi hukosea. Wanarudi saa 11 jioni, wanaingia bwenini, hawapiti kwa mwalimu wa zamu. Daftari linaonyesha hawajarudi, usiku majina yanaitwa, mzazi anapigiwa simu, shule nzima inahaha. Gari likiharibika njiani, mzazi ampigie mwalimu kabla saa ya kurudi haijafika, si baada.

Mzazi anayetaka kumchukua mtoto kwa msiba au harusi aje mwenyewe au atume mtu aliyetajwa kwenye fomu, na kitambulisho. Shule ikikataa kumkabidhi binti kwa "mjomba" isiyemjua, inafanya kazi yake.

Kiingereza na matokeo

Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na shule nyingi zina sheria ya kukizungumza saa zote za masomo. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili hukaa kimya miezi miwili akihofia kuchekwa. Walimu wenye busara huweka ulazima polepole na kuruhusu swali kwa Kiswahili pale mada ni ngumu. Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili ni kumdhalilisha, na hakuna sarufi anayojifunza kwa njia hiyo.

Matarajio ya kitaaluma yana hesabu zake. Kidato cha Pili kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango hurudia. Kidato cha Nne alama A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, chini ya hapo F. Kila daraja lina pointi, A ikiwa 1 na F ikiwa 5, na masomo saba bora hujumlishwa: pointi 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne. Kwenda Kidato cha Tano kunahitaji angalau C tatu. Kupiga chabo kwenye jaribio la darasani ni sifuri na adhabu. Kwenye mtihani wa Taifa ni kufutiwa matokeo yote, na kuingia na simu chumbani humo kunatosha.

Likitokea kosa

Kosa dogo, kama kuchelewa au kutochomekea shati, humalizwa na mwalimu wa zamu: kufagia, kumwagilia bustani, kung'oa visiki. Adhabu ya kazi isile muda wa vipindi.

Viboko vina kanuni za mwaka 2002 ambazo wanafunzi na wazazi wachache wamezisoma. Ni kwa makosa makubwa ya nidhamu tu. Ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, si yeyote mwenye hasira. Visizidi vinne kwa tukio moja, kwa kuzingatia umri, jinsia na afya ya mtoto. Fimbo iwe nyepesi, na vichapwe mkononi au kwenye makalio yaliyovikwa nguo, si mgongoni, kichwani wala nyayoni. Msichana huchapwa mkononi na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike. Kila mara iandikwe kitabuni: jina, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa, na mkuu wa shule atie sahihi. Kenya iliachana na adhabu hii shuleni mwaka 2001, na sisi tunaamini Tanzania nayo ifike huko. Lakini maadamu kanuni ipo, isivukwe. Mtoto akijeruhiwa, atibiwe kwanza, jeraha lipigwe picha, taarifa itolewe dawati la jinsia na watoto la polisi na kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo.

Kosa kubwa lina hatua. Mwanafunzi hupewa karatasi aandike maelezo. Aandike alichofanya na alichoona yeye, tarehe, saa na mahali, asiandike alichosikia, wala asinakili maelezo ya mwenzake, kwa sababu maelezo yanayofanana neno kwa neno huwatia wote hatiani. Asomewe au asome kabla ya kutia sahihi. Kamati ya nidhamu hukaa, mzazi huitwa, na mkuu wa shule anaweza kumsimamisha masomo kwa wiki mbili au tatu. Kufukuzwa moja kwa moja si uamuzi wa mwalimu mmoja ofisini: hupitia bodi ya shule. Mzazi aliyeambiwa kwa mdomo "mchukue mwanao" adai barua yenye kosa, tarehe na muda wa adhabu. Bila barua hana pa kukatia rufaa, na shule nyingine haitampokea mtoto.

Mimba ilikuwa mwisho wa masomo katika shule za serikali hadi Novemba 2021. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo uliwarudisha waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, ndani ya miaka miwili. Fomu za zamani bado zinaorodhesha mimba kama kosa la kufukuzwa moja kwa moja. Binti akiambiwa hivyo, familia iende na nakala ya waraka huo kwa Afisa Elimu.

Na kwa anayerudi baada ya kusimamishwa: fika na mzazi kabla ya saa 10 jioni siku iliyoandikwa, si kesho yake, mkiwa na barua ya kusimamishwa, nguo za sare zikiwa zimekamilika na madaftari ambayo mwenzako amekubali kukuazima ili unakili vipindi vilivyopita. Mtapita kwa mwalimu wa nidhamu, mtatia sahihi ahadi, kisha mkuu wa shule atawapa karatasi ya kurejea. Hiyo ipeleke kwa mwalimu wa darasa jioni hiyohiyo, hata kama amechoka na anafunga ofisi. Jina lako likikosekana kwenye daftari lake kesho asubuhi, utaandikwa mtoro siku uliyorudi.